Bluu Niliyoiita Nyeupe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Nimeona gari lililobondeka kama kopo likitoka gerejini kwangu linang'aa kuliko siku liliposhushwa melini. Nimeona mtu mwenye digrii mbili akinibembeleza nimpunguzie bei, tena kwa Kiingereza, na mimi nikimjibu kwa Kiswahili mpaka akalipa yote. Niliingia mji huu wa Arusha kwa miguu kutoka Olmotonyi, nimevaa katambuga za matairi, na darasa la nne kichwani, na la nne lenyewe sikulimaliza. Leo nina gereji ya rangi Ngarenaro yenye kompresa mbili, na nina ghorofa Sombetini. Ghorofa, sio nyumba. Zege la ngazi zake nimelibeba kwa bega hili.

Mtaji wangu ulikuwa jicho. Sikuwa na pesa, sikuwa na mjomba serikalini. Jicho.

Nililipata malishoni. Sisi Waarusha, mtoto anaweza asijue kusoma lakini rangi za ng'ombe anazijua kuliko mwalimu anavyojua vitabu vyake. Kuna mwekundu wa udongo na mwekundu wa damu iliyokauka. Kuna kijivu cha moshi na kijivu cha majivu. Kila rangi ina neno lake kwa Kimaa, na ole wako uyachanganye, maana ng'ombe akipotea unatafutwa pamoja naye. Baba yangu alikuwa akisimama kilimani, mifugo ya boma tatu imechanganyika bondeni, anaegemea fimbo yake na kusema, "Wa kwetu ni yule, na yule, na yule mwenye rangi ya chai." Hakuna aliyembishia. Nilikuwa nasimama nyuma yake nikijiambia, jicho hili lazima nilirithi.

Na nikarithi. Zilipokuja kompyuta za kuchanganya rangi, mafundi wenzangu walikimbilia mikopo wakanunua. Mimi nikawaacha. Mteja akileta gari lenye mlango uliogongwa, naliangalia, nachanganya, naweka tone kwenye kifuniko cha kopo. Nakipeleka kifuniko juani, nakirudisha kivulini, naongeza hiki, napunguza kile, mpaka mlango mpya na mlango wa zamani unashindwa kuitofautisha. Kuna Singasinga mmoja mzee, mwenye malori, aliniambia, "Fundi, macho yako yangekuwa yanauzwa, ningenunua moja."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hata moja hulimudu." Alicheka mpaka akashika kilemba.

Sasa niwape siri moja ya kazi, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyonipata. Nyeupe ya kiwandani haitoshi kuwa nyeupe. Ukiipaka hivi hivi ina uvivu fulani, kama shuka lililofuliwa kwa sabuni tu. Mama zetu walilijua hili: kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia unatia bluu kidogo ya kufulia, shuka linaruka. Rangi ni hivyo hivyo. Ndoo nzima ya nyeupe unaidondoshea tone la bluu, unakoroga mpaka lipotee. Mtu akitazama haoni bluu, anaona weupe. Yaani unamdanganya kidogo ili aone ukweli. Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe, sikuyatoa kitabuni.

Miaka ya karibuni nikaanza kugundua kwamba viwanda vinatuibia. Nyeupe yao ilikuwa inakuja na unjano. Tone moja likawa halitoshi. Nikatia matatu, nikatia kijiko, nikafika mahali nakoroga kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chupa ya bluu kama mtu anayetia mafuta kwenye taa. Niliwaambia mafundi wangu, "Mnaona? Wengine wanapaka tu, hawajui wameuziwa uji. Mimi hawanipati." Wao wakaitikia, "Kweli bosi." Nilipomaliza ghorofa langu niliichanganya rangi ya nje peke yangu, ndoo kwa ndoo. Lilipokauka nikasimama barabarani nikajipongeza. Jeupe! Jeupe kama jino la mtoto. Watu waliopita walikuwa wanapunguza mwendo na kutazama juu. Nikasema moyoni, acha watazame, kutazama hakulipiwi.

Kwa hiyo usharika wetu wa Olmotonyi ulipoitisha harambee ya kukarabati kanisa, mnajua ni nani aliyesimama. Lile ni kanisa nililobatiziwa, la Kilutheri, kuta zake zilikuwa zimeota ukungu kwa sababu ya baridi ya mlima. Mama yangu bado anasali pale, anakaa benchi la mbele, na akiniona nasimama huwa anainamisha kichwa kidogo, sijui ni sala au ni wasiwasi. Nikasema mbele ya wote, "Bati nunueni ninyi. Rangi niachieni mimi. Nitaichanganya kwa mkono huu, na siku ya kipaimara mtaingia kwenye kanisa jeupe kuliko kanzu ya mchungaji. Akipatikana mtu wa kusema si jeupe, nitapaka upya kwa pesa yangu mpaka juu kwenye kengele, na sitasimama tena hapa mbele kusema neno maisha yangu yote." Wakapiga makofi. Wengine walipiga sana kwenye lile neno la mwisho.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya nyama.

Pikapu yangu ilikuwa kwa fundi wa gia, nami nilikuwa nimenunua kilo tatu za nyama nzuri. Nikamwita kijana wa bodaboda pale Ngarenaro nikamwambia, "Peleka nyumbani kwangu Sombetini. Ukipita mashine ya kusaga utaona ghorofa jeupe. Huwezi kulikosa, hata ungekuwa kipofu."

Akaenda. Baada ya muda akarudi, mfuko wa nyama unaning'inia kwenye usukani.

"Bosi, nyama yako hii hapa. Nyumba sijaiona."

"Hujaiona? Ghorofa jeupe?"

"Ukipita mashine kuna ghorofa la bluu. Jeupe hakuna, bosi. Nimezunguka mpaka mbwa wamenizoea."

Nikamwambia washa pikipiki. Nikapanda nyuma, nyama nimeipakata kama mtoto, na njia nzima nilikuwa namwelimisha kuhusu kazi na umakini. Tulipofika nikanyoosha kidole. "Hili ni nini?"

Akalitazama, akanitazama. "Si ndiyo hili la bluu ninalokwambia, mzee wangu?"

Nilikuwa namtafutia tusi la kumfaa nilipomwona mama anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara. Huyo ananijua, nyumba imejengwa mbele ya karai lake. "Mama, hebu njoo umsaidie huyu. Nyumba yangu ina rangi gani?"

Alifuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Ni rangi nzuri tu, baba."

"Sikuulizi uzuri. Rangi gani?"

"Ni… rangi ya kitajiri."

Jirani yangu akatoka dukani kwake. Huyu ni Mchaga, ana duka la vifaa vya ujenzi linalotazamana na geti langu, na mdomo wake haujawahi kufungwa hata duka likifungwa. "Fundi, unamtesa mama wa watu. Nani aliyekuuzia bluu miaka yote hii? Si mimi? Nilidhani una dobi mle ndani."

"Ile ni ya kuipa nyeupe nguvu."

"Basi nguvu imezidi! Wateja wangu wote nawaelekeza hivyo: njoo duka linalotazamana na ghorofa la bluu. Umenipa tangazo la bure, Mungu akubariki."

"Ni jeupe!"

"Nyani haoni kundule, fundi."

"Na kama ni la bluu, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Wewe uliyemfukuza fundi umeme kwa sababu alisema mlango wako umepinda? Na umepinda!"

Kijana wa bodaboda alikuwa anacheka mpaka amelala juu ya tenki. Wakati huo mke wangu alikuwa ametoka getini. Huyu ndiye anayeshika funguo za stoo ya gereji, ananijua kuliko ninavyojijua. Nikamgeukia. "Mama watoto, waambie hawa."

Hakutazama ukuta. Alitazama mfuko. "Hiyo nyama itaharibika, baba. Tuingie ndani."

Nikamfuata na nyama yangu. Mke wangu hana tabia ya kuniacha peke yangu mbele za watu.

Tulipokaa alisema pole pole, "Kanisa si geti letu hili. Yeyo anakaa benchi la mbele." Yeyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa. "Kabla hujagusa ukuta ule, nenda ukapimwe macho."

"Macho yangu?"

"Macho yako."

"Macho yaliyokulisha miaka yote?"

"Hayo hayo, baba. Yamechoka kutulisha."

Sikwenda. Nani angeenda? Nilikuwa na hoja, na bado naiona ni hoja nzuri: watu mia wasiojua rangi hawamzidi mmoja anayejua. Muuza maandazi anajua nini kuhusu nyeupe? Lakini usingizi ukawa mgumu, kwa sababu hoja ilikuwa na mkia. Na kama huyo mmoja anayejua ndiye aliyekosea, atajuaje? Atajikagua kwa kitu gani, isipokuwa macho yale yale? Unaweza kukagua gari kwa taa. Taa utaikagua kwa nini?

Mimi si mtu wa kuwaza, mimi ni mtu wa kupima. Asubuhi gerejini nikachukua kifuniko cha kopo, nusu nikapaka nyeupe ya kiwandani bila kuigusa, nusu nikapaka nyeupe yangu iliyobaki siku ya kupaka nyumba. Nikawaita mafundi wangu mmoja mmoja, nikawaapisha kwamba atakayesema ukweli hafukuzwi. Wote walisema jambo moja: hii ya kiwandani nyeupe, hii yako bluu. Mimi nilikuwa nakitazama kifuniko kile kile, mkononi mwangu mwenyewe, naona huku njano ya uji wa mahindi na huku nyeupe safi. Jambo la ajabu ni kwamba hatukubishana kama ziko rangi mbili. Mpaka wa katikati tuliuona wote, palepale, kama uzi. Tulichogombania ni ipi ipewe jina la nyeupe.

Ikabidi nitafute hakimu. Kitu ambacho hakikuchanganywa na mimi wala na kiwanda. Karatasi imetoka kiwandani. Shuka limetiwa bluu. Wingu lina vumbi la mji. Nikafikiri mpaka nikarudi nilikotoka: maziwa.

Kesho yake nikapanda Olmotonyi na kifuniko changu nimekifunga kwenye gazeti. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye misonobari ya chuo cha misitu. Nilimkuta mama zizini, anamaliza kukamua.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba, baba. Mbona mapema? Mmegombana?"

"Hatujagombana. Nipe maziwa kidogo."

Nikakiweka kifuniko juu ya nguzo ya zizi, nikamimina maziwa ya moto, mapya, pale pale katikati kwenye mpaka. Nikainama. Rangi ya maziwa ilifanana na upande wa kiwandani. Yalikuwa na unjano.

Msinicheke. Niliinua kichwa nikamwambia mama yangu, "Ng'ombe wako umemlisha nini? Maziwa haya yana unjano."

"Tangu lini?"

"Labda ni mafuta mengi."

Akachovya kidole, akaonja, akakifuta kwenye shuka lake. "Mwanangu, maziwa ni meupe."

"Yeyo, mimi ni fundi wa rangi."

"Na mimi ni mkamuaji. Kama maziwa si meupe, basi hilo neno nyeupe tulitupe tu, halina kazi tena duniani."

Nimebishana na matrafiki, na watu wa kodi, na mchungaji; kwa mama niliinamia tena kifuniko. Mama alinijia karibu, akanishika taya kama anavyomshika ndama anayetaka kumtazama meno, akanigeuzia mwanga. Alinitazama ndani ya jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Humu ndani pamekuwa kama chupa iliyokaa na chai," alisema. "Baba yako alikuwa hivi hivi."

"Baba? Baba alikuwa anaona mpaka ng'ambo ya bonde."

"Zamani, ndiyo. Mwishoni kila ng'ombe alikuwa 'yule mwenye rangi ya chai'. Wa moshi, wa majivu, wote wa chai. Kaka zake walikuwa wanawatenga ng'ombe kimya kimya wakati wa jioni."

"Hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Alikuwa mkali kama wewe. Na alikuwa anafurahi."

Niliegemea nguzo. Nikamwona baba kilimani na fimbo yake, na mimi nyuma yake nikimezea mate jicho lake. Nililitaka na nikapewa.

Hospitalini daktari alikuwa binti, umri wa watoto wangu. Alinipa shikamoo akanikalisha kwenye mashine. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa aina inayokuja taratibu na rangi ya kahawia. "Ndani ya jicho kuna kioo, Baba. Chako kimeingia moshi kidogo kidogo kwa miaka. Kwa sababu ni kidogo kidogo, mwenyewe hujui."

"Na mbona magari sikuyakosea?"

Akafikiri. "Gari na rangi yake vyote ulivitazama kupitia dirisha hilo hilo chafu. Vikifanana kwako, vinaweza kufanana na kwa wengine. Shida inakuja pale unapotafuta kitu kutoka kichwani mwako. Kama nyeupe."

Nawaambieni, yule binti angekuwa fundi angenisumbua sokoni.

Walitengeneza jicho la kulia kwanza, wakatoa kioo cha zamani wakaweka kipya, la kushoto likasubiri. Siku ya kufungua nilimwambia hakuna kitu cha kunishangaza, afungue tu. Akatabasamu, akabandua plasta.

"Nani amepaka hilo dirisha?" niliuliza.

"Dirisha gani, Baba?"

"Hilo. Amepaka kioo bluu."

"Hilo ni anga."

Nikafumba la kulia nikatazama kwa la kushoto: chumba kizima kimetiwa chai. Nikafumba la kushoto: koti la daktari liliniruka usoni kwa weupe. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Mke wangu akawa ananivuta shati. Nikamuuliza daktari, "Sasa hili jipya ndilo linaloona kitu kilivyo?"

"Linaona vizuri."

"Sikuulizi vizuri. Kilivyo."

Akasema kioo kipya kinapitisha bluu kuliko hata jicho la kuzaliwa la mtu mzima, kwa hiyo kwa siku za mwanzo nitaona bluu imezidi, kisha akili itazoea. Nikamshika hapo hapo. "Kwa hiyo hata hili linaongeza chumvi. Na wewe lako je, linaonaje?"

"Langu linaona kama langu, Baba. Hakuna aliyewahi kuona kitu bila kutumia jicho."

Njiani nilimwambia dereva wa teksi asimame pale Meru unapoonekana wote. Kwa la kulia mlima ulikuwa bluu ya kukata, mikunjo yake yote inaonekana. Kwa la kushoto ulikuwa mlima niliouona miaka kumi, wa udongo na asali, mzuri vile vile. Mlima haukusogea. Nilijaribu kufikiri ukoje pale ambapo hakuna mtu anayeutazama, nikaona kichwa kinauma. Lakini nilijua jambo moja kwa hakika: mji mzima una watu wenye mlima mmoja kila mtu, na mimi nilikuwa nayo miwili. Sijaona tajiri wa Arusha anayenizidi hapo.

Tulipokata kona ya mashine ya kusaga, nikaliona ghorofa langu.

Lilikuwa bluu. Sisemi lilielekea bluu. Lilikuwa bluu kama sare za shule, bluu kama mwali wa gesi, bluu ya kumfanya kunguru abadili njia. Nilikaa garini mlango umefunguliwa. Jirani alikuwa amesimama dukani kwake na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aligeuka akaingia ndani. Nadhani aliniona nilivyokaa.

Mke wangu akasema, "Kuna jambo lingine, baba. Ile bluu ya gerejini. Tangu ulipopaka nyumba nilikuwa naichanganya na tina ya kuzimulia rangi, nusu kwa nusu. Niliogopa magari meupe ya watu yatatoka kama ghorofa hili."

"Kwa hiyo mwanzo ni macho yangu, kisha ni bluu dhaifu. Sio viwanda vilivyoharibu nyeupe."

"Viwanda havina kosa."

"Na mafundi walijua?"

"Wao ndio walioniomba."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nahesabu magari meupe yaliyotoka gerejini kwangu salama bila mteja mmoja kurudi, jina langu likiwa juu, kwa sababu ya mwanamke mwenye chupa ya tina. Na nani alimchagua huyo mwanamke, kati ya wasichana wote wa kanisani? Mimi. Hilo nalo ni jicho, na halijawahi kuota mtoto.

Nyumba sikuipaka upya. Nimeitazama kwa jicho zuri, ni bluu ambayo hakuna fundi Arusha anayeweza kuipata hata akiitafuta, maana kwanza itabidi augue.

Rangi ya kanisa niliichanganyia pale pale uwanjani kwake, kando ya bakuli la maziwa ya mama. Ndoo ya nyeupe, tone moja la bluu, nikakoroga likapotea, nikaweka rangi kwenye kifuniko kando ya maziwa. Nikamwita mkamuaji atazame. Akasema, "Hiyo." Basi tukapaka.

Siku ya kipaimara jua lilitoka mapema na kanisa likasimama pale mteremkoni kama kitu kilichoshushwa toka mbinguni. Nilitazama nyuso za watu wanavyoingia. Hakuna aliyesema ni jeupe, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya nyeupe: ikiwa sawa, hakuna anayeitaja. Mama alipita mbele yangu akagusa ukuta kwa kiganja, akaingia.

Baada ya ibada tukatoka nje kwa mnada. Kwetu sadaka si pesa tu. Mtu analeta mkungu wa ndizi, kuku, mayai, na vinauzwa pale nje kwa atakayepandisha bei zaidi. Mzee wa kanisa akainua kibuyu cha mama. "Maziwa ya bibi wa benchi la mbele! Lita mbili! Nani anaanza na elfu tano?"

"Kwanza tujue ni ya rangi gani!" Huyo ni nani tena kama si Mchaga wangu, nilimwalika mwenyewe. "Muulizeni fundi!"

Watu wote walipasuka kwa kicheko. Kumbe habari ilipanda mlima kabla yangu. Kwaya imeshika mbavu, mchungaji anajikohoza. Mama alinitazama bila kuinamisha kichwa.

Ningeweza kucheka na kupita. Lakini nilikuwa nimesema hadharani pale pale kwamba jicho langu ndilo kipimo, na la hadharani linafutiwa hadharani. "Ni meupe!" nikasema. "Elfu kumi!"

"Huku nyuma hatujasikia! Elfu ishirini, arudie!"

"Meupe! Elfu hamsini!"

"Sitini, aseme na maziwa ya mwezi uliopita!"

"Yalikuwa meupe nayo! Mimi ndiye niliyekuwa na chai! Laki moja!"

Hapo uwanja ulichemka. Kila aliyewahi kunisikia nikijisifu alikuja kuchukua fungu lake. Walipandisha ili niseme, nikasema na kupandisha juu yao. Kuna mama mmoja wa kwaya alishikilia kuongeza mia tano mia tano, na kila mia tano ana swali. "Na nyumba yako je?"

"Nyumba ni ya bluu! Nimeichanganya mimi! Maziwa ni meupe, kanisa ni jeupe, na anayetaka ghorofa la bluu namna ile aje Ngarenaro tuongee bei!"

Walinipigia makofi kuliko siku ya harambee. Mzee wa kanisa akagonga meza, nikakabidhiwa kibuyu. Nikanywa pale pale nimesimama, jicho la kulia wazi, kisha la kushoto. La kulia liliona maziwa, la kushoto lilikuwa bado linaona chai. Ulimi haukuona tofauti.

Watu wakiniuliza leo kuona vizuri kunagharimu kiasi gani, siwatajii bili ya hospitali, ile ni ya kioo tu. Nawatajia ya maziwa, lita mbili, ambazo mama angenipa bure: shilingi laki nne, elfu kumi na mbili na mia tano.